Je, Wajua? Saa Chache za Kuuona Mji wa Kisii kwa Miguu

Je, wajua kwamba mji wa Ålesund, pwani ya magharibi ya Norwe, na mji wa Kisii, huku kwetu milimani magharibi mwa Kenya, umri wao karibu unalingana? Ålesund ya zamani iliteketea usiku wa tarehe 23 Januari 1904. Nyumba zipatazo 850, nyingi za mbao, zikawa majivu, na watu wapatao 10,000 wakakosa pa kulala katikati ya baridi ya Januari. Ajabu ni kwamba aliyekufa alikuwa mtu mmoja tu. Mji ukajengwa upya kwa mawe na matofali, na kufikia mwaka 1907 kazi ilikuwa karibu imekwisha. Mwaka huohuo, Mwingereza kijana aliyeitwa Geoffry Northcote alikuwa akifungua kituo cha serikali ya kikoloni kati ya vilima vya Abagusii, wenyeji wa nchi hii. Kituo hicho ndicho kilichokua kikawa Kisii ya leo.

Yuko pia mtu mmoja aliyeacha alama katika miji yote miwili. Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani alipenda kupunga upepo pwani ya Norwe kila kiangazi, na aliposikia Ålesund imeungua alituma meli zilizojaa chakula, dawa na vifaa vya kujengea. Wenyeji wakampa barabara yenye jina lake, na bado ipo. Miaka 10 baadaye, Septemba 1914, askari wa Kaisari huyohuyo waliingia Kisii na bunduki. Huku hakupewa barabara.

Watalii wa meli wanaotia nanga Ålesund hupewa saa chache za kushuka. Wengi hukimbilia ngazi 418 za kilima cha Aksla, wakatazama mji ulivyokaa juu ya visiwa vyake, wakashuka, wakarudi melini. Kisii haina bandari, ila ina stendi. Barabara ya kutoka Kisumu huupasua mji ikielekea Migori na Isebania, mpakani mwa Tanzania. Nyingine hupanda kutoka Nairobi kwa njia ya Narok, Bomet, Sotik na Keroka. Wapitao ni wengi mno. Wengi wao hununua ndizi kupitia dirishani, wakalalamikia msongamano, wakaendelea na safari. Yanayofuata ni ya yule anayeamua kushuka, akampa makanga mzigo wake au akaubeba mgongoni, akatembea.

Anza asubuhi

Kisii iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hakuna mwezi unaopita bila mvua. Sababu yenyewe unaweza kuitazama kwa macho ukikaa mji huu siku nzima. Mchana unyevu husukumwa kutoka Ziwa Victoria, unagonga milima, unalazimika kupanda, unapoa na kugeuka wingu. Asubuhi huwa kweupe. Saa nane au saa tisa mchana mbingu huanza kunguruma upande wa magharibi, na wachuuzi waliotandaza bidhaa chini huanza kufunua karatasi za nailoni kabla tone la kwanza halijaanguka. Kwa mwaka, sehemu nyingi za Kisii na Nyamira hupata kati ya milimita 1,500 na 2,000. Bergen, mji wa Norwe unaosifika Ulaya nzima kwa mvua, hupata zaidi ya milimita 2,200, kwa hiyo Mkisii akishushwa Bergen hatashangaa sana. Atashangazwa na baridi.

Pamoja na mvua huja radi. Nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, Kisii ikiwemo, ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi sana nchini, na shule nyingi zimewahi kupata msiba wa namna hiyo. Mtembezi anayeona wingu jeusi likija na aingie ndani. Chini ya mkaratusi si mahali pa kujikinga.

Mji wenyewe umekaa bondeni na kupanda kuta za bonde. Mto mdogo wa Nyakomisaro hupita chini, na mitaa hupanda pande zote kuelekea Nyanchwa, Jogoo, Mwembe na kwingineko. Hakuna anayeweza kutembea Kisii nusu saa bila kupanda na kushuka mara kadhaa. Wanafunzi hupanda wakipiga hadithi; mgeni husimama akijifanya anatazama mandhari.

Mkuki wa Otenyo

Je, wajua kwamba mkuki mmoja uliorushwa hapa Gusii nusura ubadilishe orodha ya magavana wa Hong Kong?

Northcote, yule aliyefungua kituo mwaka 1907, wenyeji walimwita Nyarigoti. Waingereza walikuwa wameshaipiga nchi ya Abagusii kwa jeshi mwaka 1905, na walipokuja kukaa walikuja na kodi na amri. Mwanamke mmoja aliyeheshimiwa kwa kuona mambo ya mbele, Moraa, aliwahimiza vijana wasikubali. Januari 1908 kijana shujaa aitwaye Otenyo alimvizia Northcote njiani akamchoma mkuki. Northcote hakufa.

Kilichofuata kilikuwa kibaya. Jeshi lilirudi, likachoma nyumba, likanyakua ng'ombe na kuua watu wengi kiasi cha kuwashtua hata wakubwa wa London. Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa naibu waziri wa makoloni, alituma simu ya maandishi akihoji kama kweli ilikuwa lazima kuendelea kuua watu wasio na kinga kwa wingi namna ile. Hayo aliyaandika Churchill ambaye hakuwa mpinzani wa ukoloni hata kidogo. Otenyo alikamatwa na kuuawa. Wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na madai ya kutaka kirudishwe yamekuwa yakitolewa miaka na miaka.

Northcote alipona, akapanda cheo baada ya cheo. Mwaka 1935 alifanywa gavana wa Guiana ya Kiingereza huko Amerika ya Kusini, na kuanzia 1937 hadi 1941 alikuwa gavana wa Hong Kong, ambako chuo cha walimu kilipewa jina lake. Walimu wa Kichina waliosomea chuo hicho hawakuwa na habari kwamba aliyepewa heshima ile aliwahi kulala na jeraha la mkuki wa Kigusii. Watoto wa shule za Kisii, kwa upande wao, wanamjua Otenyo, na wengi hawajui kwamba Nyarigoti alifika Hong Kong. Kila upande una nusu yake ya hadithi.

Ukimpata mzee mwenye nafasi pale mjini, mwamkie kwanza. "Bwakire" asubuhi inatosha kumfanya akutazame vizuri. Kisha muulize habari za Sakagwa. Huyu alikuwa nabii wa Abagusii ambaye hakuishi kuuona mji ukianzishwa, lakini simulizi zinasema alitembea kwenye uwanda huu ungali vichaka akionyesha kwa mkono: hapa watakaa askari, pale watalala wagonjwa. Mzee atakuonyesha na wewe, na kwa kawaida kidole chake huishia kwenye jengo la serikali.

Siku Wajerumani walipoingia

Vita Kuu ya Kwanza haikuwa na hata miezi miwili ilipofika Kisii. Kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania, na maofisa wa Kiingereza wakakimbia kituo. Wanajeshi wa King's African Rifles wakaletwa kutoka upande wa ziwa, na tarehe 12 Septemba 1914 pande mbili zikapambana hapahapa Kisii. Kapteni Thorne wa upande wa Waingereza aliuawa. Giza lilipoingia, kila upande uliona umepigwa vya kutosha na kurudi nyuma, hivyo mji ukabaki bila mwenyewe.

Kwa Abagusii, ambao miaka sita tu nyuma walikuwa wamechomewa nyumba, jambo hili lilikuwa na maana moja: mkoloni ameondoka. Watu wakaingia kwenye ofisi, maduka na nyumba za wamisheni, wakabeba walichoweza kubeba. Mkoloni aliporudi, alitoza faini ya ng'ombe na kuwaadhibu tena. Vitabu vya vita huitaja siku ile kwa mistari michache kama kisa kidogo cha mpakani, lakini kwa nyumba iliyotoa ng'ombe wake haikuwa kisa kidogo.

Hospitali kubwa ya Kisii, ambayo sasa ni ya rufaa na ya kufundishia madaktari, ilianza mwaka 1916 kwa ajili ya wanajeshi wa vita vilevile. Ukiwa umesimama langoni pake, ukizungukwa na wauza matunda, pikipiki za boda boda na jamaa za wagonjwa waliobeba vyombo vya chakula, ni vigumu kufikiria kwamba chanzo cha mahali pale ni Kaisari.

Waliopasua vichwa

Habari ya hospitali inaleta jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la kushangaza kuliko yote katika nchi hii. Je, wajua kwamba Abagusii walikuwa wakifanya upasuaji wa fuvu la kichwa kabla hospitali haijafika, na waliendelea hata baada ya kufika?

Mabingwa wao waliitwa ababari. Mtu aliyepigwa rungu au aliyeanguka, kisha akateswa na maumivu ya kichwa yasiyokoma kwa miezi au miaka, alipelekwa kwa omobari. Huyu alipasua ngozi ya kichwa, akaivuta pembeni, akaukwangua mfupa taratibu kwa kisu kilichopinda hadi sehemu iliyovunjika au kuharibika ikatoka, akijihadhari asiguse utando unaofunika ubongo. Damu ilizuiwa, dawa za majani zikawekwa, kidonda kikafungwa. Kazi hiyo ilirithishwa, baba akimfundisha mwanawe kwa miaka mingi ya kumshikia vyombo.

Ungetarajia wagonjwa wafe. Madaktari wa kizungu nao walitarajia hivyo, na ndiyo sababu walipochunguza walishangaa. Mwaka 1958 jarida la kitabibu la Afrika Mashariki lilichapisha makala kuhusu upasuaji huu wa Kisii, na wengine wakafuata miaka ya 1960 na 1970, wakapiga picha za eksirei na hata filamu. Walikuta watu wenye matundu makubwa fuvuni, mengine ya miaka mingi, wakilima, wakiuza sokoni na kulea watoto. Walioandika walikubaliana kwamba wengi walipona kidonda. Je, kichwa kiliacha kuuma? Waliopasuliwa wengi walisema ndiyo, na baadhi yao walirudi kupasuliwa tena kwa hiari. Waganga wa leo wa hospitali wana maelezo yao, na sitawashauri wasomaji wawatafute ababari. Lakini mtu akikuambia upasuaji ulikuja Afrika kwa meli, mtajie Kisii.

Sokoni Daraja Mbili

Siku za soko la Daraja Mbili ni Jumatatu na Alhamisi, na ukishuka siku hizo huhitaji kuuliza njia, fuata watu. Hili ni mojawapo ya masoko makubwa ya wazi magharibi mwa Kenya. Upande mmoja ni mitumba, milima ya mitumba, na muuzaji amesimama juu ya meza akipaza sauti na kurusha blauzi hewani. Upande mwingine ni ndizi.

Ndizi za Kisii zinajulikana Nairobi hata na asiyewahi kufika huku. Zinakuja sokoni mikungu mizima, imefungwa kwa majani yake, kwa mkokoteni, kwa pikipiki, kwa kichwa cha mama. Mnunuzi mzoefu hatazami ukubwa wa mkungu. Hubonyeza kidole cha chini kabisa, akaangalia ncha kama imekomaa, kisha hutaja bei ya kumuudhi muuzaji. Muuzaji huudhika kweli, au hujifanya. Wanamalizana kwa kicheko. Kando yao wimbi hupimwa kwa gorogoro, na kila muuzaji ana mtindo wake wa kulijaza kilima juu ili mteja arudi wiki ijayo.

Usiondoke bila kutazama mboga. Chinsaga, ambayo Nairobi huuzwa kwa jina la saga na pwani huitwa mgagani, ni chungu, na Mgusii hataki uchungu wake uishe wote. Huchemshwa, ukapunguzwa, ikatiwa maziwa. Ndiyo mboga ya mama aliyejifungua. Pamoja na rinagu, yaani mnavu, na obokima wa wimbi uliosongwa ukawa mweusi na mzito, hicho ndicho chakula cha mchana cha mtembezi. Vibanda vya karibu na soko hukipika vizuri kuliko hoteli zenye vioo, na nasema hivyo bila kuomba radhi.

Kuna mambo mengine mjini ya kupitia haraka. Uwanja wa Gusii ndiko taifa lilikoadhimishia Siku ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2020, na ndiko nyumbani kwa Shabana, klabu iliyoanzishwa 1980 ikabeba jina la duka la vifaa vya ujenzi la mfanyabiashara mwenye asili ya Kiasia. Shabana ilishuka daraja mwaka 2006 ikarejea ligi kuu 2023, na siku inapocheza nyumbani usijaribu kuvuka mji kwa gari. Nyabururu ni misheni ya Wakatoliki tangu 1911, na Jimbo la Kisii lilipoundwa 1960 askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Otunga, ambaye mwaka 1973 akawa kardinali wa kwanza wa Kenya. Waadventista nao walichukua kilima cha Nyanchwa katika miaka hiyohiyo ya mwanzo, na nguvu yao ndiyo inayoeleza jambo ambalo wageni wengi hulikuta kwa mshangao: siku inayotulia mji huu ni Jumamosi.

Jiwe

Mwenye muda zaidi na aende Tabaka, upande wa South Mugirango. Ni mwendo wa gari kutoka mjini, kisha miguu inaanza kazi tena, kwa sababu machimbo yako kwenye miteremko na karakana zimetapakaa kati ya migomba.

Jiwe-sabuni la Tabaka lipo jeupe, la kijivu, la manjano na la waridi. Ni laini kiasi kwamba panga linalikata. Kazi hugawanywa kwa desturi: wanaume huchimba na kuchonga, wanawake husugua na kung'arisha. Nenda ukamtazame mama mmoja anayesugua. Mbele yake kuna beseni la maji, ambalo maji yake yameshakuwa kama maziwa. Huchovya kiboko mdogo aliyechongwa asubuhi, humsugua kwa msasa mgumu, humchovya tena, huhamia msasa laini, na kila mara humgeuza kwenye mwanga kutafuta mkwaruzo. Jiwe likiwa kavu limefifia, huwezi kujua lina rangi gani. Likilowa, mishipa yote hujitokeza. Baadaye litapakwa nta ili libaki na sura ile ya kulowa. Kulowesha kuna faida nyingine: vumbi halipandi. Wachongaji wanaofanya kazi ikiwa kavu, siku nzima, bila kufunika pua, hulipa kwa mapafu yao, na machimboni udongo huporomoka wakati wa mvua na umewahi kufukia watu.

Kutoka kijiji hiki limetoka jina kubwa. Elkana Ong'esa, mchongaji na mwalimu wa sanaa, ana sanamu yake ya ndege wa amani kwenye makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Ukipita pale ukaiona, usidhani ni marumaru ya Italia.

Na hapa Norwe inarudi tena. Je, wajua kwamba kanisa kuu la Nidaros, katika mji wa bandari wa Trondheim, limejengwa kwa sehemu kubwa kwa jiwe-sabuni? Ujenzi ulianza 1070 juu ya kaburi la Mtakatifu Olav, na ukachukua zaidi ya miaka 200. Watalii wa meli hupanga foleni kulitazama. Wanorwe waliliona jiwe lilelile laini wakalipandisha likawa kuta za kanisa. Abagusii walilifanya kiko, bakuli na ubao wa bao, vitu vya mkononi, kisha soko la watalii likawafundisha kuchonga vifaru na viboko ambao Tabaka yenyewe hawapo.

Kuvuka barabara, kuingia kaunti nyingine

Keroka ni mji ambao unaweza kutoka kaunti moja ukaingia nyingine kwa kuvuka barabara kununua chai. Upande mmoja ni Kisii, upande wa pili ni Nyamira, na kaunti mbili zimevutana kwa muda mrefu kuhusu mpaka unapita wapi hasa na nani akusanye ushuru wa soko. Nyamira ilikatwa kutoka Kisii mwaka 1989 ikawa wilaya, kisha kaunti chini ya katiba ya 2010. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Ukigawa kwa eneo, Kisii hupata zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, na hii ni nchi ya mashamba. Ndiyo maana mtembezi haoni pori. Ua wa boma moja hukutana na ua wa lingine, migomba inapoishia chai inaanza, na kilima ambacho kwingine kingeachiwa mbuzi hapa kimelimwa hadi kileleni.

Isipokuwa Manga. Ukingo wa Manga, upande wa Nyamira, ni ukuta wa mwamba unaoinuka juu ya mji wa Kisii. Kwa Abagusii ni mahali patakatifu penye simulizi nyingi. Siku ya kweupe, ukisimama juu yake, nyumba za Kisii zinaonekana zimejipanga bondeni, na mbali upande wa kaskazini-magharibi kuna mstari unaong'aa ambao ni Ziwa Victoria. Kuupanda ni bure, ngazi hamna, na Aksla ya Ålesund yenye ngazi zake 418 na mkahawa kileleni haiwezi kukuonyesha ziwa kubwa kuliko yote Afrika.

Nyamira haina kelele za Kisii, na hapo ndipo penye utamu wake kwa mwenda kwa miguu. Njia zinapita kati ya michai iliyokatwa usawa wa kiuno. Kutoka vilima vya Kiabonyoru hutoka mto Gucha, ambao hushuka nchi nzima ya Gusii ukaingia Ziwa Victoria kupitia Migori. Na kutoka Nyamira alitoka Naftali Temu. Tarehe 13 Oktoba 1968, Mexico City, mita 2,240 juu ya bahari, ambako wakimbiaji wa Ulaya na Australia walikuwa wakianguka kwa kukosa pumzi, Temu alimpita Mamo Wolde wa Ethiopia mwishoni mwa mita 10,000 akaipatia Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya dhahabu katika Olimpiki. Leo dunia nzima ikisikia mkimbiaji wa Kenya hufikiria Eldoret na Iten. Aliyefungua mlango alikuwa Mgusii, na kabla yake alikuwapo Mgusii mwingine, Nyantika Maiyoro, aliyemaliza wa saba mita 5,000 Melbourne 1956 na wa sita Roma 1960, enzi ambazo Kenya haikuwa hata na bendera yake.

Je, wajua pia kwamba watoto wa Gusii wamo katika mojawapo ya tafiti mashuhuri za malezi duniani? Katika miaka ya 1950 wanaanthropolojia wa Kimarekani, Robert na Barbara LeVine, waliishi kati ya jamii moja ya Abagusii waliyoiandika kwa jina Nyansongo. Wenzao walikuwa wakifanya vivyo hivyo India, Ufilipino, Meksiko, kisiwa cha Okinawa na mji mmoja wa kaskazini-mashariki mwa Marekani. Walipolinganisha, watoto wa Nyansongo walikuwa kati ya waliokabidhiwa kazi nyingi kuliko wote: kuchunga, kuteka maji, kuokota kuni, kulea wadogo zao. Walikuwa pia kati ya waliowajali wenzao zaidi. Ukipita njia za Nyamira jioni ukakutana na binti wa miaka minane amembeba mdogo wake mgongoni na mtungi mkononi, akakusalimia kwa adabu, utajua utafiti haujapitwa na wakati.

Mwisho, usikie obokano kabla ya kuondoka, kwenye harusi au mkutano wowote utakaoukuta. Ni zeze kubwa la nyuzi nane, kubwa kuliko yale ya majirani, na mpigaji hulikalia karibu huku limesimama mbele yake kimo cha kifua. Sauti yake ni nzito na yenye mtetemo, huisikii tu masikioni, hugonga kifuani. Majirani ni Waluo magharibi na kaskazini, Wakipsigis mashariki na Wamaasai kusini, wote wa lugha zisizo za Kibantu, na katikati yao Abagusii wamebaki na Kibantu chao na ala yao ya kutikisa mbavu.

Kwa atakayeshuka: Jumatatu au Alhamisi kwa ajili ya soko, viatu vya kushika tope, mwavuli hata kama jua linawaka, na uwe chini ya paa kufikia saa tisa. Jumamosi maduka mengi hufungwa. Na ukinunua jiwe, linunue Tabaka kutoka mkononi mwa aliyelichonga au aliyelisugua, kwa sababu likishafika kwenye rafu za Nairobi na Mombasa bei hupanda na nyongeza hairudi mlimani.